Tundu la Ozoni Halikujiziba Lenyewe

Tabaka la ozoni linapona. Hii ni habari kubwa na njema, lakini kwa jinsi masikio yetu yalivyozoea habari mbaya, ni wachache walioipokea. Mimi sina ubishi na yeyote juu ya kupona kwake, kwa kuwa vipimo vipo. Ubishi wangu ni juu ya sababu yake. Vijiweni, makanisani, kwenye mikutano ya hadhara na hata katika vyumba vya walimu nimesikia sababu nne zikitajwa, na zote nne si za kweli. Wapo wasemao kwamba tundu la ozoni halikuwapo kamwe. Wapo wasemao kwamba dunia ilijiponya yenyewe. Wapo wasemao kwamba ni miti tuliyopanda. Na wapo, hawa ni wasomi kidogo, wasemao kwamba wafanyabiashara waligundua gesi bora wakaiacha ile mbaya kwa hiari yao. Nitawajibu wote kwa zamu, kisha nitaeleza sababu iliyo ya kweli na kwa nini ni hatari kwetu kuikosea.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ozoni ni aina ya oksijeni ambayo molekuli yake ina atomu tatu badala ya mbili. Sehemu kubwa ya ozoni iko juu angani, kati ya kilomita 15 na 35 hivi kutoka ardhini, na kazi yake ni kuchuja miale ya jua iitwayo urujuanimno. Miale hiyo ikipita bila kuchujwa huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na hudhuru mimea pamoja na viumbe vidogo vya baharini. Sisi tunaoishi katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako jua huchoma hata siku ya baridi kali ya mwezi Juni, hatuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya chujio hilo. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao huugua saratani ya ngozi hata pale tabaka lilipo zima, wanaijua maana yake kuliko sisi sote.

Mwaka 1928 huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake walitengeneza gesi za klorofluorokaboni. Zilisifiwa sana, tena kwa haki, maana hazikuwa na sumu wala hazikushika moto, tofauti na gesi zilizotumika katika friji za kwanza. Zikaingia katika friji, viyoyozi, magodoro ya sponji, na makopo ya marashi na dawa za kupuliza. Lakini ile sifa yao kubwa, kwamba haziharibiki upesi, ndiyo iliyokuwa ubaya wao. Gesi hizo hukaa angani miaka 50, nyingine 100, zikapanda polepole hadi juu kabisa, na huko miale mikali ya jua huzivunja na kuachia klorini. Atomu moja ya klorini huweza kuharibu molekuli za ozoni maelfu kwa maelfu. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza jambo hili mwaka 1974, na watengenezaji wa gesi wakabisha. Ndipo mwaka 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walipotangaza kwamba juu ya kituo chao cha Halley Bay, kule Antaktika kwenye barafu ya kusini, ozoni ya mwezi Oktoba ilikuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Hilo ndilo tundu.

Sasa nianze na wale wasemao kwamba halikuwapo. Kijana mmoja fundi wa simu hapa Izia aliniuliza, "Shikamoo mwalimu. Hivi lile tundu la ozoni mlilokuwa mkitutisha nalo shuleni liliishia wapi?" Nikamjibu kwamba lipo, hutokea kila mwaka kule kusini, ila linapona. Akacheka, akasema, "Basi kumbe yalikuwa maneno ya Wazungu tu."

Kijana huyo ni mwerevu, na kosa lake ni kosa la watu wengi. Hatari iliyotimia huacha makaburi, nayo makaburi hukumbukwa. Hatari iliyozuiwa haiachi kitu, na baada ya miaka thelathini watu husema haikuwapo. Sisi wa Rukwa tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Bonde letu la Ziwa Rukwa, pamoja na mbuga za Mweru wa Ntipa upande wa Zambia, ni mahali wanapozaliana nzige wekundu. Kuanzia mwaka 1930 hadi katikati ya miaka ya 1940 nzige hao walienea katika nusu nzima ya kusini ya Afrika, wakala mashamba ya watu ambao hawakuwahi hata kulisikia jina la Rukwa. Mwaka 1949 ulitiwa saini mkataba wa kuwadhibiti kule wanakozaliwa, makao ya kazi hiyo yakawekwa Abercorn, mji uitwao leo Mbala, hapo tu ng'ambo ya mpaka wetu. Tangu hapo baa la ukubwa ule halijarudi. Mwaka 2009 walipofurika tena katika mbuga za Iku kule Katavi, walipigwa mapema kabla hawajatawanyika. Je, mkulima wa leo asiyewahi kuona wingu la nzige aseme kwamba nzige walikuwa maneno ya Wazungu? Wazee wetu waliokula mizizi mwaka ule wangemcheka.

Wa pili ni wale wasemao kwamba dunia ilijiponya. Maneno haya yalipata nguvu mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Ujumbe ulizunguka katika simu kwamba watu wamejifungia majumbani, magari yamesimama, dunia imepumua, na tundu la ozoni limejifunga. Kilichotokea kweli ni kwamba mapema mwaka ule ozoni ya upande wa kaskazini kabisa mwa dunia ilipungua kuliko kawaida, na mwezi Aprili ikarudi. Ilirudi kwa sababu ule mzunguko wa pepo baridi unaoizingira ncha ya kaskazini wakati wa kipupwe ulivunjika, kama uvunjikavyo kila mwaka. Na kama kujifungia ndiko kulikotibu, mbona mwaka huohuo tundu la kusini lilikuwa miongoni mwa makubwa na yaliyokaa muda mrefu kuliko yote? Dawa gani hiyo iponyayo kichwa na kuumiza mguu siku moja?

Ni kweli kwamba ukubwa wa tundu hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka kwa sababu ya baridi na pepo. Mwaka 2019 lilikuwa dogo kwa kuwa anga ya juu ya Antaktika ilipata joto lisilo la kawaida, wala hakuna binadamu aliyestahili pongezi kwa hilo. Ndiyo maana mtu mwenye akili hapimi kupona kwa mwaka mmoja, kama vile mwalimu hampimi mtoto kwa jaribio moja. Hupima klorini yenyewe. Nayo klorini ya angani ilipanda hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ikafika kilele, na tangu hapo inashuka. Mwaka 2016 Susan Solomon na wenzake walionyesha kwa vipimo vya kila Septemba kwamba jeraha la kusini limeanza kufunga. Klorini haikushuka kwa sababu dunia ilichoka kuugua. Ilishuka kwa sababu watu waliacha kuipeleka juu.

Wa tatu ni wapenzi wa miti. Hawa nawaheshimu, na mimi mwenyewe nimepanda miti maisha yangu yote. Lakini katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu nilisahihisha mamia ya insha zilizosema kwamba ukataji miti na uchomaji moto wa nyika ndio uliotoboa tabaka la ozoni, na kwamba tundu hilo ndilo linaloleta ukame. Walimu wanafunzi hao wakaenda vijijini, wakawafundisha watoto hivyohivyo, na watoto hao leo ndio madiwani na wachungaji wanaotuhubiria kila mwaka siku ya kupanda miti.

Tuseme wazi. Moto wa nyika unaounguza uwanda wetu kila kiangazi ni adui. Huua udongo, hukausha vijito, huutafuna msitu wa Mbizi unaotulindia maji. Mti hushika udongo na kuhifadhi kaboni, na hewa ya kaboni inayozidi ndiyo inayoipasha dunia joto. Hayo yote yanatosha kabisa kuwa sababu ya kupanda miti, wala hayahitaji kuongezewa sababu ya uongo. Tundu la Antaktika lilitobolewa na klorini na bromini zilizotoka viwandani. Ungepanda miti kutoka Kasanga hadi Laela, kama gesi zile zingeendelea kutengenezwa, tundu lingeendelea kupanuka.

Mtaniuliza, kuna ubaya gani mtu akikosea sababu ilimradi apande mti? Ubaya upo, tena mkubwa. Anayeamini kwamba tundu la ozoni liliponywa na miti anaamini kwamba matatizo makubwa ya dunia humalizwa na mgeni rasmi mwenye kofia, mche mmoja na kamera. Hatauliza nani alitengeneza gesi, nani aliiuza, nani aliisimamisha na kwa amri gani. Kosa la sababu huzaa raia asiyejua kuuliza.

Wa nne ni wale wasemao kwamba soko lilijirekebisha. Hawa nawajibu kwa tarehe tu. Utafiti ulitoka mwaka 1974. Marekani ilipiga marufuku gesi hizo katika makopo mengi ya kupuliza mwaka 1978, lakini kwenye friji, viyoyozi na sponji biashara iliendelea. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Kampuni ya DuPont, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani, ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza gesi hizo mwezi Machi 1988. Hesabu miezi mwenyewe, ndugu msomaji. Wafanyabiashara walipata gesi bora baada ya sheria kuwaambia kwamba ile mbovu ina siku ya mwisho. Siwalaumu, ndivyo ilivyo biashara. Lakini jogoo asijisifu kwamba ndiye aliyelichomoza jua.

Basi ni nini kilichoponya? Ni mambo matano yaliyofungwa pamoja kama fito za paa.

La kwanza ni kipimo. Wale watu wa Halley Bay walikuwa wakipima ozoni tangu mwaka 1957, wakati ambapo hakuna aliyedhani kuna tatizo lolote. Daftari lao la kila mwaka ndilo lililofichua wizi. Kila nilipowaona walimu vijana wakijaza rejista kwa kubuni niliwakumbuka watu hao.

La pili ni sheria yenye tarehe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1985 ulikuwa wa maneno mazuri. Itifaki ya Montreal ndiyo iliyotaja kiasi na mwaka. Tena iliachiwa nafasi ya kukazwa, ikakazwa London mwaka 1990 na Copenhagen mwaka 1992, hadi kupunguza kukawa kukomesha. Ilikuwa na huruma pia, kwa maana wagonjwa wa pumu waliendelea kupewa dawa yao ya kuvuta yenye gesi ileile mpaka ya namna nyingine ilipopatikana.

La tatu ni mfuko wa fedha. Nchi maskini zilisema kwa haki kwamba si sisi tuliotoboa. Zikapewa miaka kumi zaidi, na mwaka 1990 ukaundwa mfuko ambao umetoa zaidi ya dola bilioni 3 kwa ajili ya kubadili mitambo na kufundisha mafundi. La nne ni meno: nchi iliyokaa nje haikuruhusiwa kufanya biashara ya gesi hizo na walio ndani. Ndiyo maana kufikia mwaka 2009 mataifa yote ya dunia yalikuwa yamejiunga, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mkataba wowote wa Umoja wa Mataifa kabla yake.

La tano ni walinzi. Mwaka 2018 wanasayansi waligundua kwamba gesi moja iliyokwisha kupigwa marufuku duniani kote tangu mwaka 2010 ilikuwa ikipungua angani polepole kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa kuna mahali ilikuwa ikiendelea kutolewa. Waliufuata mkondo wa upepo mpaka mashariki mwa China, ambako gesi hiyo ilikuwa ikitumika kutengeneza sponji. Kelele zikapigwa, serikali ikabana, na vipimo vya mwaka 2019 vikaonyesha kwamba inashuka tena kwa kasi. Sheria isiyo na mlinzi ni ua lisilo na mbwa.

Wala mtu asiniambie kwamba haya yalikuwa mambo ya Wazungu na sisi tulitazama tu. Aliyewasukuma mawaziri na mabalozi mpaka wakakubaliana alikuwa Mwafrika, Mostafa Tolba wa Misri, aliyeongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka Nairobi tangu mwaka 1975 hadi 1992. Sekretarieti ya Ozoni yenyewe iko Nairobi. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Wakulima wa maua wa Naivasha na wa tumbaku kule Malawi na Zimbabwe walilazimika kuacha gesi ya methili bromidi waliyozoea kuulia wadudu wa udongoni, wakajifunza njia nyingine. Na gesi zilizochukua nafasi ya zile za kwanza zilipoonekana kwamba haziudhuru ozoni lakini zinaipasha dunia joto, marekebisho ya kuzipunguza yalipitishwa Kigali, Rwanda, tarehe 15 Oktoba 2016.

Najua lipo swali moja lililobaki, nalo ni la haki. Tundu lilikuwa Antaktika. Juu ya Sumbawanga ozoni haikupungua kwa kiasi cha kutisha. Yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu gesi hazina mpaka. Wataalamu wa Marekani walipiga hesabu mwaka 2009 ya dunia ambayo isingekuwa na Itifaki ya Montreal. Kufikia mwaka 2065 theluthi mbili ya ozoni ya dunia nzima ingekuwa imetoweka, hata hapa kwetu kwenye nchi za joto. Fikiri juu ya mtu wa Ufipa anayekwenda kulima matuta ya ntumba chini ya jua la namna hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa angani nani angeujenga?

Nieleze sasa kwa nini nimekasirika mpaka nikaandika sura nzima. Leo tunao msiba mkubwa zaidi, nao ni joto la dunia. Na kila nikilitaja nasikia watu wazima, wengine waliopita mikononi mwangu, wakisema kwamba mikataba ni makaratasi, kwamba mataifa makubwa hayatasikia, kwamba binadamu hawezi kurekebisha anga. Jibu lipo juu ya vichwa vyetu. Iliwahi kufanyika. Wanasayansi walipima, serikali zikapatana tarehe, matajiri wakachangia, wadanganyifu wakakamatwa, na karibu asilimia 99 ya gesi zilizopigwa marufuku zikaondolewa. Friji hazikutoweka duniani kama walivyotishia wapinzani; zimeongezeka. Yule anayesema kwamba tundu halikuwapo, au lilijiziba, au lilizibwa na miche ya siku ya miti, anatunyang'anya mfano mkubwa tulio nao wa kazi ya namna hiyo iliyofaulu.

Najua kwamba joto la dunia ni kazi ngumu zaidi. Gesi za friji zilitengenezwa na kampuni chache. Moshi hutoka kila kiwanda, kila lori na kila tanuri la mkaa. Lakini ugumu wa somo si sababu ya kuchoma kitabu cha somo lililotangulia.

Wala kazi ya ozoni yenyewe haijaisha. Tathmini ya wanasayansi iliyotolewa Januari 2023 ilisema kwamba, sera zikishikiliwa, tabaka litarudi katika hali ya mwaka 1980 kufikia mwaka 2040 hivi kwa sehemu kubwa ya dunia, 2045 kwa kaskazini kabisa, na 2066 kwa Antaktika. Mimi sitauona mwaka huo. Wajukuu zangu watauona, iwapo waliopo leo hawatalegea. Gesi ya R22 iliyojaa katika viyoyozi vya zamani inatakiwa ikome katika nchi zetu mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za kudhibiti kemikali zinazomong'onyoa tabaka la ozoni. Hata hivyo nimemwona kwa macho yangu fundi mmoja hapa mjini akikata bomba la kiyoyozi nje ya duka na kuiacha gesi yote ivuje hewani, huku watu wamesimama wakitazama. Nilipomuuliza kwa nini asiikusanye kwenye mtungi, alijibu, "Mzee, hiyo ni hewa tu, mbona inaondoka yenyewe." Fundi huyo hakuwahi kufundishwa. Na wenye duka, ambao walimlipa, hawakuwahi kuuliza.

Ninachotaka ni kidogo. Kila tarehe 16 Septemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya ozoni, mwalimu asimame darasani aseme sababu ya kweli, hata kama ni kwa dakika kumi. Mkaguzi akikuta insha inayosema kwamba miti iliziba tundu, aisahihishe kwa kalamu nyekundu, wala asimhurumie mwalimu aliyeipitisha. Fundi wa friji apelekwe VETA akajifunze kukusanya gesi kabla ya kupewa leseni. Anayenunua friji ya mtumba aulize ina gesi gani kabla ya kuuliza bei. Na diwani atakayesimama mwaka huu mbele ya mche na kamera, aupande mche wake, aumwagilie, kisha atuambie amepitisha sheria ndogo gani na itaanza kutumika tarehe ngapi.